KIASI BILA ASILI: Namna ya kusoma takwimu katika maisha ya kila siku

0. Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wengi wao ni watu wa lugha na fasihi, na kwa desturi mtu wa fasihi akutanapo na jedwali la namba hulipita upesi, kama msafiri apitaye mbele ya nyumba ya mtu asiyemfahamu. Makala haya yanamwomba asimame kidogo mlangoni. Hatukusudii kufundisha hisabati. Hesabu zote zilizomo humu aweza kuzifanya mtoto wa shule ya msingi. Tunalotaka kulieleza ni jambo la usomaji, nalo ni hili: namba inayotangazwa redioni, gazetini au darasani ni nusu ya sentensi, na nusu ya pili mara nyingi imeachwa nje.

Lugha yenyewe yatusaidia. Neno takwimu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako taqwim ni kalenda. Yaani tangu mwanzo ni neno la kupanga mambo ili yaweze kulinganishwa. Tena katika vitabu vya hisabati vya Tanzania, sehemu kama 3/4 ina namba mbili zenye majina: ya juu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Basi neno asilimia twaweza kulisoma waziwazi: asili ni mia. Anayesema "asilimia 66" ametupa kiasi, na ametukumbusha kwamba amekilinganisha na mia. Lakini mia hiyo ni ya watu gani, wa wapi, wa mwaka gani, na kwa kweli walikuwa wangapi kabla ya kugeuzwa kuwa mia? Hapa Kongo wengi wetu tumezoea kulitamka neno hilo kwa Kifaransa, na kwa hiyo hatuioni ile asili iliyomo ndani yake. Hasara yake si ndogo, kama tutakavyoona.

1. Ugonjwa upi uliua zaidi?

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka katika Kivu ya Kaskazini. Mlipuko huo uliofika hadi Ituri ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 3,470, na kati yao walikufa 2,287. Tukigawa, twapata kama 66 kwa kila mia. Ni namba ya kutisha, na ulimwengu mzima uliisikia.

Wakati huohuo surua ilikuwa ikipita karibu katika mikoa yote ya nchi. Mwanzoni mwa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba tangu mwanzo wa 2019 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 310,000 hivi walioshukiwa kuwa na surua, na waliokufa walikuwa wamepita 6,000. Hapa asilimia haifiki hata 2. Msomaji wa haraka atasema: Ebola ni simba, surua ni paka. Hata hivyo makaburi ya surua yalikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya yale ya Ebola, na mengi yalikuwa mafupi, kwa kuwa waliozikwa humo walikuwa watoto.

Hakuna uongo katika namba hizo. Kila moja yajibu swali lake. Mama anayeuliza, "Mwanangu ameshikwa na Ebola, je, atapona?" anahitaji ile 66 kwa mia. Daktari mkuu wa mkoa anayegawa chanjo, mafuta ya gari na wauguzi anahitaji kujua jumla ya wafu, na pia ugonjwa uendako kesho. Kosa huzaliwa pale jibu la swali la kwanza linapopelekwa kwa yule aliyeuliza la pili. Twaongeza kwamba asili zenyewe hazikupatikana kwa njia moja. Wagonjwa wa Ebola walitafutwa nyumba kwa nyumba, na karibu wote walithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Wale wa surua wengi walihesabiwa kwa dalili tu, na watoto wengi waliougulia nyumbani hawakuandikwa popote. Kwa hiyo ile 2 kwa mia ya surua imesimama juu ya asili iliyo hafifu kuliko ile ya Ebola, ingawa kwa macho zote mbili ni namba tu.

Tukingali hapo kwa surua, lipo fumbo moja ambalo limewakatisha wazazi wengi tamaa ya chanjo. Watu husema: "Hospitalini tumeona kwa macho yetu, watoto wengi wenye surua walikuwa wamechanjwa. Chanjo ina faida gani?" Wasemao hivyo hawadanganyi, pengine wameona vema kabisa. Tuchukue mji wa kufikirika wenye watoto 1,000. Tuseme 900 wamechanjwa na 100 hawakuchanjwa. Chanjo ya surua, mtoto akipewa mara moja tu afikapo miezi 9, hukinga takriban watoto 85 kwa kila mia. 15 hubaki bila kinga. Sasa surua iingie mjini na imfikie kila mtoto. Wale 100 wasiochanjwa tuseme wataugua wote. Kati ya wale 900, watakaougua ni 15 kwa kila mia, yaani 135. Wagonjwa wote ni 235, na waliochanjwa ndio wengi: 135, zaidi ya nusu.

Mtazamaji aliyesimama mlangoni pa hospitali amehesabu kiasi peke yake. Asili imebaki mjini: 135 wametoka katika kundi la 900, na 100 wametoka katika kundi la 100. Mtoto asiyechanjwa aliugua kwa hakika. Aliyechanjwa alikuwa na hatari ya 15 kwa mia. Na kadiri chanjo inavyoenea, ndivyo wagonjwa waliochanjwa watakavyoonekana kuwa wengi wodini, hata siku watakapochanjwa watoto wote, ambapo kila mgonjwa atakuwa mtu aliyechanjwa. Wodi peke yake haiwezi kutuambia kama chanjo yafaa. Jambo hili twadhani lafaa kufundishwa kwa Kiswahili katika kila kituo cha afya, maana muuguzi anayejibu kwa hasira tu, "Chanjo ni nzuri, nyamazeni," hajajibu hoja ya watu waliotazama vizuri.

2. Kijiko cha sombe

Asili kubwa kuliko zote katika nchi ni idadi ya wananchi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, ilifanya sensa kamili mwaka 1984, ikapata watu takriban milioni 30. Tangu hapo haijafanywa nyingine. Namba zote za siku hizi, zipitazo milioni 100, hazikupatikana kwa kuhesabu vichwa. Wataalamu wamechukua wale wa 1984, wakaongeza wazaliwa, wakatoa wafu, wakakadiria wahamaji, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini kosa dogo la kasi ya kuzaliana hukua kama riba ya mkopo. Tufikirie makadirio mawili yanayoanza na watu milioni 30, moja likiongeza watu 3 kwa kila mia kila mwaka, na la pili 3 na nusu. Baada ya miaka 40 la kwanza hufika milioni 98 hivi na la pili milioni 119. Nusu ya moja kwa mia imezaa watu milioni 21, na hakuna hata mmoja wao aliyeonekana na karani.

Msomaji atauliza: kama hatujahesabu wote, tunajuaje lolote? Jibu lapatikana jikoni. Mpishi wa sombe hali sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja. Lakini kwanza hukoroga mpaka chini, kwa kuwa akichota juu tu ataonja mafuta ya mawese. Uchunguzi wa sampuli ndio huo. Tena ukubwa wa sufuria haubadilishi sana ukubwa wa kijiko: kijiko kilekile chatosha kwa sufuria ya familia na kwa sufuria ya harusi, mradi imekorogwa vema.

Katika takwimu, kukoroga maana yake ni kuwachagua watu kwa bahati nasibu, hata kila mmoja awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Ukiwauliza hivyo watu 1,000, jibu lako laweza kukosea kwa kama 3 kwa mia, juu au chini. Ukitaka kulipunguza kosa hilo kwa nusu, huna budi kuwauliza watu 4,000. Ndiyo sababu uchunguzi mzuri ni ghali. Ukiwauliza 25 tu, hali ni nyingine kabisa. Nasi tumesoma kazi nyingi za mwisho wa masomo ambamo mwandishi aliwauliza wenzake 25 chini ya miti ya Kasapa, 20 wakakubali, naye akaandika kwa fahari kwamba "asilimia 80 ya vijana wa Lubumbashi" wanaona hivi au hivi. Hata kama wale 25 wangalichaguliwa kwa bahati nasibu, ukweli ungaliweza kuwa popote kati ya 60 na 90 hivi. Nao hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Walikuwa marafiki, wasomi, na wenye nafasi ya kukaa kivulini saa nne asubuhi. Angaliandika "20 kati ya 25 niliowauliza," asingalikuwa na lawama yoyote.

Nchi yetu ina mfano wa zamani wa kijiko kilichochotwa vizuri. Kati ya 1955 na 1957, utawala wa Kibelgiji ulifanya uchunguzi wa watu kwa sampuli uliowafikia zaidi ya watu milioni moja, na matokeo yake yakachambuliwa hasa na mtaalamu Anatole Romaniuk. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba wastani wa uzazi wa nchi nzima ulificha tofauti kubwa: watu wa Kongo ya Chini walizaa sana, na katika sehemu za Uele na za nchi ya Wamongo wanawake wengi hawakupata mtoto kabisa, jambo ambalo Romaniuk alilihusisha hasa na magonjwa ya zinaa. Aliyesoma wastani wa nchi peke yake asingaliweza kujua kwamba huko kulikuwa na vijiji vilivyokosa vilio vya watoto wachanga.

Karibu nasi, chunguzi za afya na idadi ya watu zilizofanywa 2007 na 2013-2014 zilikadiria kwamba vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano vilishuka kutoka 148 hadi 104 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Msomaji aangalie namna asili ilivyotajwa hapo: si kwa kila watu 1,000, wala kwa kila watoto waliopelekwa hospitali, bali kwa kila watoto waliozaliwa hai. Neno moja likibadilishwa, namba nzima yabadilika.

3. Wafu wa vita

Tunafika mahali pagumu, na twaomba msomaji asituelewe vibaya. Hakuna Mkongomani wa mashariki anayehitaji jedwali ili ajue kwamba vita vilivyoanza Agosti 1998 viliua watu wengi mno. Lakini namba iliyozunguka dunia, watu milioni 5.4, yafaa kueleweka na wasomi wa nchi yenyewe kuliko na mtu mwingine yeyote.

Ilitolewa Januari 2008 na shirika la Kimarekani la International Rescue Committee, kwa kipindi cha Agosti 1998 hadi Aprili 2007, baada ya chunguzi tano za sampuli. Si hesabu ya miili. Wachunguzi walitembelea nyumba, wakauliza nani aliishi humo na nani amekufa, wakapata kasi ya vifo. Kisha wakatoa ile kasi ambayo ingalikuwapo kama vita visingalitokea. Kinachobaki ndicho kinachoitwa vifo vya ziada. Wengi wa waliohesabiwa katika milioni 5.4 walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na njaa, katika nchi ambamo zahanati zilikuwa zimefungwa na njia zimekatika. Risasi na panga viliua sehemu ndogo ya jumla hiyo. Kwa hiyo mtu anayeandika "waliouawa milioni 5.4" ameshabadilisha maana, ijapokuwa ameinakili namba sawasawa. Wafu hao si wepesi zaidi kwa kuwa waliuawa na malaria; waliohusika na vita watajibu juu yao pia. Ila mashtaka yenye neno lisilo sahihi humsaidia mshtakiwa.

Sasa tutazame utoaji wenyewe. Katika uchunguzi wa 2004, uliochapishwa katika jarida la kitabibu The Lancet mwaka 2006, kasi ilikuwa vifo 2.1 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Kipimo cha kulinganisha kilikuwa wastani wa Afrika kusini ya Sahara, 1.5. Ziada ni 0.6. Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report Project, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, walipinga: Kongo, walisema, ilikuwa maskini kuliko wastani wa Afrika hata kabla ya vita, hivyo kipimo kinachofaa ni karibu na 2.0. Ziada sasa ni 0.1. Tukichukua nchi ya watu milioni 60, ziada ya 0.6 ni wafu 36,000 kila mwezi. Ziada ya 0.1 ni 6,000. Data ni zilezile, nyumba ni zilezile, wafu ni walewale. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: Kongo bila vita ingalikuwa nchi ya namna gani?

Na ile milioni 60 tuliyoizidisha imetoka wapi? Imetoka katika makadirio yaliyoanza na sensa ya 1984.

Sisi hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twaona kwamba kipimo cha 1.5 chadhania Kongo ya kawaida ambayo pengine haikuwapo, na kwamba kile cha 2.0 chaweza kuufanya umaskini wa miaka ya Mobutu uonekane kuwa hali ya asili isiyo na mwenyewe. Mjadala huo umeendeshwa kwa Kiingereza, na kidogo kwa Kifaransa. Katika Kiswahili, lugha ya wengi wa waliozikwa, karibu haujafanyika.

4. Mshahara wa wastani

Juu ya wastani tutasema machache, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Watu kumi wamo katika basi. Tisa wanapata faranga 150,000 kwa mwezi. Wa kumi anapata 6,000,000. Wastani wao ni 735,000, na hakuna hata mmoja ndani ya basi anayepata mshahara wa namna hiyo. Ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu na kumtazama aliye katikati, utakuta 150,000, nayo ndiyo habari ya basi hilo. Mahali popote penye matajiri wachache na maskini wengi, kama ilivyo katika miji ya madini, mtu wa katikati hutueleza zaidi kuliko wastani. Yule wa kumi akishuka, wastani waanguka hadi 150,000 papo hapo, na hakuna aliyepunguziwa mshahara.

5. Wasemaji wa Kiswahili ni wangapi?

Tumalize nyumbani kwetu, katika taaluma yetu. Karibu kila kitabu juu ya Kiswahili hufunguliwa kwa idadi ya wasemaji. Vingine husema milioni 50, vingine 100. UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, hutaja zaidi ya milioni 200. Wanafunzi huchagua ile kubwa, na kwa mapenzi ya lugha twawaelewa.

Lakini msemaji ni nani? Kama ni mtu aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake tangu utotoni, hesabu ni ndogo, hata Tanzania, iliyohesabu watu 61,741,120 katika sensa yake ya 2022, kwa kuwa wengi wao wana lugha nyingine ya nyumbani. Kama ni mtu awezaye kununua chumvi na kujibu salamu, hesabu hupanda mara nyingi. Kwa Kongo ugumu ni wa aina mbili: maana ya msemaji haijakubaliwa, na asili, kama tulivyoona, ni makadirio. Anayesema kwamba "asilimia 40 ya Wakongomani wanasema Kiswahili" ana deni la maelezo mawili kabla hatujamwuliza namba aliipata wapi. Tena akihesabu kwa mikoa, kana kwamba kila mkaaji wa Kivu, Maniema, Katanga na Ituri ni msemaji na hakuna hata mmoja Kinshasa, atakuwa amehesabu ramani badala ya watu.

Njia iliyo bora ni kuuliza maswali madogo. Unatumia lugha gani na mama yako? Sokoni? Ofisini? Ukiomba? Msichana wa Bukavu ataweza kujibu Kimashi nyumbani, Kiswahili sokoni na kanisani, Kifaransa chuoni, na Kilingala akiimba. Tumwandike wapi? Tukimwandika katika lugha moja tu, tumemlazimisha achague jambo asilolichagua maishani. Tukimwandika katika zote nne, basi katika jedwali letu jumla ya asilimia itapita mia, labda ifike 250, na mwalimu asiye mwangalifu ataweka alama nyekundu. Hakuna kosa hapo: asili ni watu, na kiasi ni lugha wanazotumia, na mtu mmoja anazo nyingi. Mwanafunzi atakayelichora jedwali la namna hiyo aandike chini yake, kwa herufi ndogo akipenda, idadi ya watu aliowauliza, mahali alipowakuta, na swali lenyewe kama alivyolitamka.